Hita Darini, Barafu Mferejini

Kwako Shangazi Hilja wa gazetini,

Hapa Hancock hakuna kijana anayenifikia kwa kupanda mapaa, hata paka akiniona juu huona aibu akashuka, na wasichana wote wa mtaa wetu wanalijua hilo isipokuwa wanaosema hawalijui, na hao ni waongo, kwa hiyo usidhani anayekuandikia ni mtu wa kuomba-omba, nataka ushauri kidogo tu, tena ningeweza ningejipa mwenyewe.

Naishi na bibi yangu Lempi katika nyumba aliyoijenga marehemu babu Arvid kwa mikono yake, na bibi akilisifia lile paa utadhani ni mume wa pili: "Arvid aliniambia halitanidondoshea hata tone mpaka nizikwe." Sasa majira haya ya baridi mfereji wa bati ukingoni mwa paa ukajaa barafu, ikaning'inia kama mikuki hadi dirishani, bibi akasema, "Onni, chukua reki ndefu ukokote theluji, ukiwa chini, kama alivyofanya babu yako." Reki! Mimi! Nikachukua soksi zake ndefu za kanisani, nikazijaza chumvi, nikapanda nikazilaza juu ya barafu ili zitoboe njia ya maji, jambo ambalo kila mtu huku hulifanya, ila wenzangu hutumia soksi zilizochakaa. Zikateleza zikabaki zinaning'inia ukingoni kama miguu ya mtu, mchungaji akapita akavua kofia.

Bibi akatoka mbio. "We mjukuu wa shetani, shuka! Kanisa zima limeiona miguu yangu!"

"Ni miguu mizuri, bibi, waache wafaidi."

Alicheka mpaka akashika mlango.

Ila barafu haikuisha, na kichwa changu, kama umeshaona, kinachemka, nikawaza: barafu dawa yake joto, na joto hupanda, si niwashe hita darini? Nikaazima moja, nikaipandisha kwa siri nije kumshangaza bibi. Theluji ya paa ikayeyuka, nikajipigia makofi, kumbe yale maji yakifika mferejini kwenye baridi yanaganda upya, na kila nilipoona barafu inanenepa nikaongeza moto. Mwisho maji yakakosa pa kupita, yakarudi nyuma chini ya vigae, yakamdondokea bibi kitandani.

Jirani yetu mzee Nestor akasimama barabarani akitazama juu. "Mapaa yote yana theluji, la kwenu liko uchi kama upara wangu. Umefuga nini darini, we Onni? Dubu?"

"Ni upendo wa bibi, mzee, unapanda juu." Akatikisa kichwa akaenda zake.

Nilikuwa tayari kabisa kumwambia bibi, Shangazi, ila yeye aliniwahi. Ameshika beseni, akasema polepole, "Kumbe Arvid alinidanganya." Nami nikanyamaza. Jumamosi tukaingia sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, na siku zote kata ya kwanza ya maji huyamwagia mawe akisema, "Hii yako, Arvid." Safari hii alimwaga kimya.

Paa nitaliziba, mimi si wa kushindwa na paa. Ila babu amelaumiwa kwa kosa langu, nami nilikuwa nimesimama pale pale, nikamwacha alaumiwe.

Onni Pelkonen, Hancock

*

Onni,

Yule paka hakuona aibu, mwanangu. Alikuhurumia.

Hukusema kama hita umeizima. Izime sasa hivi, ndipo uendelee kusoma. Dari la kwetu hutakiwa liwe baridi, theluji ilale juu yake bila kusumbuliwa. Fungua matundu ya hewa ya huko juu, funika mlango wa kupandia kwa blanketi zito, kisha kachukue reki usimame chini kama mtu mwenye akili. Na mfereji usiupige shoka, najua umeshawaza. Chumvi kwenye soksi ilikuwa sawa, hapo sikugombezi, ila soksi nyingine umnunulie.

Hayo ni ya paa. Sasa bibi. Unampenda, naliona kila mstari, naye anakupenda hata miguu yake ikianikwa mbele ya mchungaji. Sasa unaogopa nini? Kofi? Utapona. Aliyefiwa habaki na mengi. Yeye alibaki na ahadi ya mumewe, nawe umemwacha aamini kwamba ilikuwa uongo. Uliona aibu, nakuelewa, lakini aibu yako si ya kumtwisha marehemu, ambaye hawezi kuja kujitetea.

Usimtume Nestor. Usianze na mzaha. Mteremshie hiyo hita, iweke mezani mbele yake, useme, "Ni mimi, bibi. Babu hakukosea." Kisha nyamaza, alie au akupige, vyovyote atakavyo.

Na fanya haraka. Umeandika jina lako zima, mimi sikulifuta, na Lempi gazeti hili hulianzia ukurasa huu.

Shangazi Hilja