Kiwanda chenye Hotuba Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimepangusa ubao wa getini. Pande zote mbili! Upande mmoja, kwa rangi nyekundu: KIWANDA NI MALI YA WAFANYAKAZI. Upande wa pili, kwa bluu: KARIBU MWEKEZAJI. Kazi yangu ni kujua nani anakuja, kisha kuugeuza. Kwenye karatasi za ajira naitwa Afisa Mapokezi. Mama watoto ananiita kinyonga, na wala hatanii.

Hotuba nazo ninazo mbili. Ya nyekundu inaanza "Ndugu zetu". Ya bluu inaanza "Waheshimiwa washirika". Katikati zinafanana: choo kiko kulia, na jihadharini na ngazi ya tatu, imemomonyoka.

Habari yenyewe ya leo. Jumatano ijayo, tarehe 12, anakuja Kalkuleta. Ndivyo tulivyombatiza mtaalamu wa wakopeshaji, maana safari iliyopita alihesabu mpaka vikombe vya chai. Pendekezo lake limetangulia kwa posta: tuache kushona viatu. Viatu vya nje ni rahisi zaidi, anasema. Sisi tukusanye ngozi, tuzitie chumvi, tuziuze hivyo hivyo. Jengo liwe ghala.

Ajabu ni kwamba lilikuwa ghala! Wakoloni walilijenga la kuwekea ngozi zikisubiri meli. Zilikwenda ngozi, zikarudi viatu, na sisi tukavinunua kwa furaha. Uhuru ulipokuja tukaingiza cherehani, na marehemu baba akashona jozi ya kwanza mbele ya umati. Sasa huyu bwana amesafiri masafa yote hayo kuja kutushauri turudi tulikotoka.

Na watu themanini na sita wa ukumbi wa kushona? Ukurasa wa kumi na nne: "watapata fursa nyingine". Fursa ipi, haijaandikwa. Nimeitafuta hata mgongoni mwa karatasi.

Jumanne, 4 Juni

Balaa! Wajomba nao wanakuja. Wajomba ni wale wa nchi rafiki, wanaotuita ndugu kila sentensi ya pili. Wanatuletea mtambo mkubwa unaoshona wenyewe. Lini? Tarehe 12!

Nimemwuliza Mkurugenzi imekuwaje. Amejikuna shingo. Kumbe walipiga simu wakauliza kama Jumatano inafaa, akasema ndiyo. Huyu mzee ana moyo mzuri, ila jibu lake ni hilo moja. Wakopeshaji wakisema punguza, ndiyo. Wizara ikisema ongeza, ndiyo. Wafanyakazi humwita Bwana Ndiyo, na wakimwita hivyo karibu naye huitika.

"Na ubao tuuweke vipi?" nikamwuliza.

"Uweke ubavu," akasema. "Kila mtu aone kidogo."

Alhamisi, 6 Juni

Shangazi amekuja ofisini nimsomee barua. Si shangazi yangu, ni shangazi wa kiwanda kizima: msimamizi wa ukumbi wa kushona. Ndiye aliyenifundisha kushika kisu, kabla mdomo wangu haujanipandisha cheo.

Nimemsomea ya Kalkuleta. Kisha ya Wajomba, ndefu, tamu, imejaa mshikamano. Mtambo ni zawadi. Ila gundi itoke kwao, vipuri vitoke kwao, fundi atoke kwao. Unahitaji watu sita tu kuuendesha. Nasi tutashukuru kwa kuwapelekea ngozi ghafi, miaka ishirini.

Shangazi akavua miwani.

"Huyu wa kwanza anataka nini?"

"Ngozi."

"Na hao ndugu zetu?"

"Ngozi."

"Mbona mnakesha mkibishana njia ipi, mwanangu? Njia ni moja hiyo. Wametofautiana bahasha tu."

Nimecheka mpaka machozi. Alipotoka nikarudia kuzisoma barua zote mbili, na kicheko kikakauka.

Mlangoni aligeuka akauliza: na ile ya walimu wakuu? Nimeona haya. Tangu Februari, shule za hapa jirani zimeomba viatu vya wanafunzi, jozi elfu moja na mia moja, vyeusi, vigumu, vinavyokubali kushonwa vikipasuka. Vya nje vinachanua mdomo kabla muhula haujaisha. Mama watoto, ambaye ni mwalimu, ndiye aliyeileta barua kwa mkono wake. Bwana Ndiyo alisema ndiyo, akaiweka kwenye trei ya Mengineyo mezani kwangu, akaiwekea kikombe juu. Walimu wakuu si ujumbe. Hawaji na bendera ndogo ya kuweka mezani.

Ijumaa, 7 Juni

Maandalizi. Wageni wakija hapa huwa tunafanya "kazi ya macho". Mitambo inanguruma, watu wanainama, na mabaki ya ngozi yanakatwa yakakatwa tena. Kuna kiatu kimoja kinachopita meza hadi meza mpaka mwisho wa ukumbi, kisha kinarudishwa mwanzo wageni wakiwa kwenye chai. Kina umri wa miaka saba. Tunakiita Balozi. Kimeshikwa na mawaziri watatu!

Shangazi kamwambia Mkurugenzi kwamba safari hii haitawezekana. Kalkuleta atamkumbuka Balozi. Tupewe ngozi za kweli kutoka ghalani, na soli zile zinazopata vumbi tangu mwaka juzi. Mkurugenzi kasema ndiyo bila kuinua kichwa.

Fomu ya ghala ikaja kwangu, maana matumizi ni "kwa ajili ya wageni". Sehemu ya idadi ilikuwa wazi. Nilikuwa na simu sikioni. Nimetia sahihi.

Jumapili, 9 Juni

Sebule yangu imejaa nyayo! Mama watoto na walimu wenzake wametandaza makaratasi mezani, chini, hadi juu ya redio. Kila karatasi ina mchoro wa mguu wa mtoto na namba. Kitinda mimba wetu naye kasimamishwa akachorwa, akicheka kwa kutekenywa na penseli.

Nimeuliza ni nini.

"Somo la vipimo," akasema mama watoto.

"Jumapili?"

"Kula, baba watoto, chakula kinapoa."

Jioni nimepita kiwandani kuchukua mwavuli. Ukumbi umejaa! Watu themanini na sita, siku ya mapumziko, wamejitolea kufanya mazoezi ya kuwapokea wageni. Nimeguswa. Nimesimama juu ya kiti nikawapongeza kwa uzalendo wao. Wamepiga makofi kwa muda mrefu, na baadhi yao walikuwa wakifuta machozi. Nina kipaji, lazima nikubali.

Jumatatu, 10 Juni

Ghala tupu!!

Nimekwenda asubuhi kufagia, kwa kuwa wageni wote wameomba kuliona. Nikafungua. Chumvi sakafuni, basi. Robota za ngozi za msimu mzima, zile zile ambazo pande zote mbili zinazitaka ziwe shehena ya kwanza – hakuna. Nilidhani tumeibiwa. Nimekimbia hadi ukumbi wa kushona nikipiga kelele za mwizi.

Shangazi kaniketisha. Kainua turubai. Chini yake vipande, vipande, vipande! Vimekatwa, vimefungwa dazeni dazeni, kila furushi na namba yake. Zile namba za sebuleni kwangu.

"Ngozi nzima mtu anaweza kuipakia melini," kasema. "Iliyokatwa namba thelathini na tatu nani ataitaka, isipokuwa mwenye mguu wa thelathini na tatu?"

Nikamwambia huu ni wizi. Akaniuliza nani ameiba, na ameiba nini, ikiwa kila kitu kimo humu humu ndani ya ukuta. Tena fomu ina sahihi. Ya nani? Yangu! Nalijua jina la kosa hili, nimeliandika mwenyewe kwenye hotuba: kuhujumu uchumi.

Nyumbani nimefoka. Mama watoto kaniacha nikamaliza, kisha kasema kwa upole: miezi minne barua ilikaa chini ya kikombe, nami ndiye niliyekuwa nikinywea hicho kikombe. Nimekasirika, naogopa, na – liandikwe hapa, hakuna mwingine atakayelisoma – kuna mahali ndani yangu panapocheka.

Jumanne, 11 Juni

Nimejaribu kumwambia Mkurugenzi. Mara tatu.

"Bosi, kuhusu ghala –"

"Ndiyo, ndiyo."

"Bosi, zile ngozi –"

"Ndiyo."

"Hazipo, bosi."

"Ndiyo, vizuri sana." Alikuwa akijaribu tai.

Basi nimemwambia. Mbele ya Mungu nimemwambia.

Ukumbini kazi inakwenda bila kelele za maonyesho. Wamefikisha jozi mia mbili na arobaini. Nimekaa kwenye benchi la zamani la baba, nikaomba sindano. Vidole vimekuwa vya ofisini, nimejichoma mara mbili, wamenicheka hadi basi. Nimeshona kimoja. Cha kushoto. Shangazi kakigeuza geuza, kasema kitavalika kwa mtoto asiyependa kutembea sana.

Jumatano, 12 Juni

Asubuhi. Magari mawili yamefika kwa pamoja, yakakwama getini kwa kupeana nafasi. Nilitarajia vita. Nimejipanga kuwapitisha mlango tofauti, chai tofauti, hata sukari tofauti.

Hakuna vita! Kalkuleta na mkubwa wa Wajomba wamekumbatiana. Walikutana kwenye mkutano mmoja, nchi nyingine kama yetu, wakishauri kiwanda kingine. Wamekaa meza moja. Mimi katikati nikitafsiri vichekesho.

Kufikia saa sita wamekubaliana. Wakopeshaji watatukopesha. Kwa mkopo huo tutajenga barabara ya kutoka ghalani hadi bandarini. Wajomba watanunua ngozi. Mtambo hauji tena, umeonekana hauna haja. Yote kwa lugha nzuri, yenye "ushirikiano" mara tisa, nimehesabu. Miaka kumi na mbili nimekuwa nikigeuza ubao kwa hofu wasije wakakutana!

Mkurugenzi alitikisa kichwa kukubali kila kipengele. Kisha wote wakanigeukia. Kalkuleta akasema kwa urafiki kabisa: wewe ni mtu wa hapa, unaona nchi kama yako ifuate njia gani? Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nina hotuba mbili, na nikafungua mdomo nikasikia ya tatu ikitoka, fupi: tushone kwanza vya watoto wetu, kisha tuone. Wakacheka vizuri tu. Wakaandika kitu. Wakaomba chumvi ya mchuzi.

Saa nane kasoro. Naandika hapa mapokezi, wao wako kwenye kahawa chumba cha pili, dirisha la katikati liko wazi. Mkataba uko mezani kwangu nichape nakala safi. Kuna pengo moja: idadi ya robota zilizopo. Wakishajaza, wanasaini, kisha wanakwenda kuliona ghala. Ufunguo ninao mimi.

Ningeweza kuandika namba yoyote. Nimeandika namba za uongo maisha yangu yote, na kwa mwandiko mzuri.

Kalkuleta ametoa kichwa dirishani. Anauliza zipo robota ngapi.

Nimemwambia hakuna.

Kaniomba nirudie. Nimerudia: hakuna hata moja, bwana, zimekuwa viatu, na vina wenyewe. Mkubwa wa Wajomba ameuliza nimesema nini. Mkurugenzi ananitazama kupitia dirisha, mdomo wazi, kikombe hewani. Cherehani tu ndizo zinazosikika, zote, hakuna aliyezima.

Viti vinasogea. Wanakuja huku. Nasikia hatua zao koridoni, ngumu, zinakaribia – jozi saba za viatu, na hakuna hata moja iliyoshonwa hapa. Nimetazama chini ya meza.

Hata vyangu.