Maneno Niliyokutafsiria Kliniki

Shangazi yangu mpendwa,

Umelala kaburini kwenu Maragoli miaka mingi sasa, na mimi uzee umenifika, magoti hayataki tena ngazi. Nina jambo la kukuomba radhi, na sitaki kulinong'ona.

Baba alipofariki ulinichukua, ukanileta Kangemi kwenye chumba chako kimoja. Mchana ulifua nguo za Wazungu kule Kilimani. Jioni wanaume walikuja, nawe ulinituma kwa jirani nikasomee huko mpaka uniite. Sikuwa mjinga, nilijua. Nilijua pia kwamba karo yangu ilitoka humo humo, na hukuwahi kunisimanga.

Kiingereza nilichojifunza kwa karo hiyo ndicho kilichonipatia kazi ya ukalimani kliniki ya mjini, ile ya magonjwa ya zinaa, miaka ile ya hali ya hatari chini ya wakoloni. Daktari wetu hakuwa mkatili, lakini kichwa chake kilijaa vitabu vya enzi za babu yake. Aliamini mwanamke wa heshima hana tamaa, na mwenye nayo ni mgonjwa au mhalifu. Mwanamume aliyeambukizwa alidungwa sindano akaenda zake kazini. Mwanamke alikaguliwa askari akiwa mlangoni, na asipopewa cheti cha afya alirudishwa kwao kijijini. Mimi nilikuwa nalainisha. Daktari akisema, "Muulize huyu malaya alianza lini," mimi nasema, "Mama, daktari anauliza ulianza kuumwa lini." Wanawake walinipenda kwa hilo.

Asubuhi moja askari wakaleta waliokamatwa kwenye msako, nawe ukiwa wa nne kwenye foleni, na kitambaa chako cha kanisa kichwani. Ulinitazama mara moja tu, ukageukia ukuta kama hunijui. Ulikuwa unaniokoa, shangazi, na mimi nikakubali kuokolewa. Niliogopa daktari akijua tuna undugu ataniona mimi pia ni wa foleni ile. Kwa hiyo wewe peke yako nilikutafsiria neno kwa neno. Malaya nilisema malaya. Uchafu nilisema uchafu.

"Umelala na wangapi?" nilikuuliza, kwa mdomo huu huu.

Ulijibu polepole, "Mwambie daktari niko tayari kupimwa. Na wao wanapimwa wapi?"

Nikamwambia daktari, "Anasema hakumbuki."

Hakukukuta na ugonjwa wowote, lakini alikuandika mkaidi, ukapandishwa basi la kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Baada ya mwezi nikapata barua yako, uliyoandikiwa na mwalimu: niendelee na kazi, nisiache kula. Hukuweka hata neno moja la lawama. Nililia mpaka jirani akaja kugonga mlango.

Miaka yote hii nimewaambia watu kwamba shangazi yangu alikuwa dobi. Ni kweli ulifua, lakini nilikuwa nasema nusu yako tu, na nimeona aibu zaidi kwa hilo kuliko kwa kazi yako. Jumapili iliyopita wajukuu waliuliza nani alinisomesha, nikawaeleza yote, pamoja na nilivyokutendea. Mkubwa, ambaye ni muuguzi, alinisogelea. Kisha akasema, "Nyanya, ungekuwa na ujasiri siku ile, ungemwambia daktari nini?"

Ningemwambia, "Huyu ni shangazi yangu. Hiki Kiingereza unachokisikia, yeye ndiye aliyekilipia."

Pumzika, shangazi.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.