Nitafutie Saa Isiyosema

Majoreni,
Jumapili jioni.

Kwa ndugu yangu Alamin,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii inakukuta wewe, wifi yangu Twaiba na watoto hapo Mackinnon Road katika afya njema, na kwamba kile kifua kilichokusumbua kwa vumbi la malori kimepoa. Shikamoo uliyomtuma Musau, dereva wako, niliipata, marahaba. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mvua imenyesha kidogo, mihogo imesimama vizuri, na mama hajambo. Hajambo kuliko nilivyomwona siku yoyote tangu baba afariki.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikata katikati kama kawaida yako, na leo sitaki kukatwa. Nina hasira nawe, Alamin. Isome mpaka mwisho kabla hujakifungua hicho kifurushi.

Ni ile saa. Mama alikuomba saa mbele yangu, siku ya Idi, wewe umekaa barazani unakula mkate wa sinia. Alitaka saa ya kuvaa kila siku, imsaidie kujua ni wakati gani wa kuteremka maji yanapokupwa awahi shamba lake la mwani, na lini adhuhuri imeingia akiwa huko ufuoni ambako adhana haimfikii. Hukumuuliza neno zaidi. Ukamletea kioo cheusi cha kuchajiwa kila jioni, kinachosema Kizungu, kisichosomeka juani, kisichotii kidole chenye chumvi. Siku ya kwanza tu kilimtetemekea mkononi kumwamuru asimame atembee. Mwanamke aliyebeba magunia ya mwani tangu alfajiri! Akaniuliza kama hicho kitu kina akili timamu.

Hayo ningeyasamehe. Watu wengi hununua upuuzi kwa bei ghali, na wanaouuza wana matangazo mazuri. Nisilolisamehe ni kwamba saa ile uliinunua kwa ajili yako. Umezoea kukaa pale gerejini ukiyatazama malori yako mawili yakitambaa kwenye simu kama sisimizi, ukaona si vibaya kumwongeza na mama. Lori lina mwenyewe, Alamin. Mama hana mwenyewe. Kisha ukaitega ile saa ipokee simu yenyewe kila unapopiga, bila yeye kubonyeza kitu, maana kumngoja mama yako akubali kuzungumza nawe umeona ni kupoteza wakati.

Basi sikia ulichokifanya. Alhamisi ile kulikuwa na hitima kwa jirani yetu. Wanawake wameketi mikekani, dua inasomwa, watu wameinamisha vichwa. Sauti yako ikatoka mkononi mwa mama, kali kama ya askari wa kaunti anayefukuza wachuuzi, ikitaka kujua yuko wapi, jana alifuata nini Galu, mwanamke wa umri wake anatafuta nini mahotelini, na kama haoni kuwa anawatia watoto wake aibu. Mama akaifunika kwa kanga. Ikaendelea kusema ndani ya kanga. Bi Hasina, na mdomo wake unaujua, akauliza kama marehemu baba amefufuka, na kama amefufuka mbona hajawasalimia watu. Wakacheka, Alamin. Kwenye hitima. Aliyekuwa anasoma dua akanyamaza, akangoja wewe umalize.

Aibu uliyoizungumzia uliileta wewe, kutoka Mackinnon Road, kwa bando la simu.

Mama hakulia. Kesho yake alikuja kwangu Msambweni, akaiweka hiyo saa juu ya meza kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani, akaniambia: "Mwanangu, nitafutie saa isiyosema."

Tukaenda Ukunda kwa Kimanzi, yule mwenye kibanda cha saa na miwani karibu na stendi. Kwanza akatutolea ya rangi ya dhahabu, yenye visaa vitatu vidogo ndani yake. Nilipotazama vizuri, vile vidogo havizunguki, vimechorwa. Nikamwambia nimekuja kununua saa, sikuja kununua picha ya saa. Akasema, "Lakini madam, hii ndio iko fashion, wamama wote wa Diani wanaitaka." Mama akamjibu kwamba yeye ni wa Majoreni.

Nikamweleza ninachotaka. Mfuniko wa nyuma uwe wa chuma na ufungwe kwa skrubu, usiwe wa kubandikwa tu. Mkanda uwe wa raba, kwa sababu ngozi huoza kwa maji ya chumvi na chuma cha bei ya chini hushika kutu kabla ya mwezi kuandama mara mbili. Kioo kinene, tarakimu zote kumi na mbili ziwepo, tena kubwa, na betri iwe ya kupatikana duka lolote. Akanung'unika kwamba mimi nazungumza kama mtu wa forodha, lakini akatoa tatu.

Hapo mama akafungua kikapu chake, akatoa chupa ya maji ya bahari aliyoyateka hapa kwetu asubuhi, akaomba bakuli. Akazitosa zote tatu. Kimanzi akaruka kutoka kwenye kiti. "Mama! Hiyo ni saa, si samaki!" Mama akamwambia samaki angemjaribu kwa mafuta. Tukaenda zetu kula viazi karai. Tuliporudi, mbili zilikuwa na ukungu ndani ya kioo, na ya tatu inatembea kana kwamba imezaliwa humo bakulini. Kimanzi alitaka tuzilipe zote. Nikazigeuza zile mbili, nikamsomea maandishi yaliyo mgongoni mwazo, kwamba haziingii maji, nikamuuliza mwenye kuandika uongo ni mimi au ni saa zake. Watu wa stendi walishaanza kukusanyika, akaona heri atuuzie hiyo moja tuondoke.

Bei yake haifiki hata ya mkanda wa ile yako. Mama akamwamuru aitege kwa saa zetu, watoto wanapoingia shule asubuhi mshale uwe kwenye moja, usiwe kwenye saba. Kimanzi akamwonya kwamba simu zote zitapingana naye. Mama akasema zipingane.

Sasa nikujibu lile swali la Galu, kwa kuwa uliliuliza mbele ya watu wengi na hakuna aliyekujibu. Kikundi chao cha mwani hutengeneza sabuni, na mama ndiye anayeipeleka kwenye maduka ya Galu. Huko yuko Mzee Abdurahman Rai, mtunza bustani, mjane, mtu wa msikitini na mcheshi. Alianza kwa kuja kutaka takataka za mwani za kurutubishia bustani yake. Akaja tena, na bustani haikuwa imepungukiwa na kitu. Mama alitaka kukwambia mwenyewe. Alikuwa akiitafuta siku nzuri, akipanga maneno, akiniuliza akuanzie wapi. Ile hitima ikaimaliza hiyo siku.

Ndoa ilifungwa Ijumaa ya kabla ya hii ya juzi, baada ya swala. Walii wa kumwozesha alikuwa mjomba Issa, kaka yake mama, kama inavyotakiwa. Usije ukaniletea habari za ruhusa yako. Nimesoma, na wewe umesoma madrasa ile ile: katika madhehebu yetu ya Shafii mtoto si walii wa mama yake. Aliyetakiwa kusema ndiyo alikuwa mama, na alisema kwa sauti iliyosikika mpaka uani.

Unajiuliza itakuwaje, na simu yako imekuonyesha wiki nzima kwamba mama yuko nyumbani Majoreni, hatoki hata mlangoni. Ndiyo, niliuona ujumbe wako. Uliniandikia kwamba mama sasa ametulia, dawa imemwingia. Ndugu yangu, wiki nzima umekuwa ukilinda msumari. Nimekaa hapa kuiangalia nyumba, kila jioni naichaji saa yako, nazima sauti yake, kisha naitundika ukutani juu ya kitanda cha mama. Mwenye kitanda yuko Galu kwa mumewe, na saa yake ya raba mkononi. Na sijutii hata chembe.

Kesho lori lako likija kupakia nazi Msambweni, nitampa Musau kifurushi hiki, saa ikiwa ndani, inawaka. Kwa hiyo utakapoisoma barua hii utakuwa umeshaziona nukta mbili, mama na lori, zikipita Kinango na Samburu pamoja zikija kwako. Bila shaka umempigia Musau umuulize amembeba nani, naye amekwambia kweli tupu kwamba hana abiria. Usimgombeze. Kila kilichokuwa chako kimekufikia salama.

Nisalimie Twaiba, uwabusu watoto, na hicho kifua ukipeleke kwa daktari. Ukinikasirikia ni haki yako. Nitakungoja kwangu Msambweni na chai.

Mama naye kakutumia salamu, nami naziandika kama alivyozitamka. Amesema hajajificha. Ukitaka kujua yuko wapi, umuulize, kisha ungoje akujibu.

Ni mimi dada yako,
Mwanasha