Neno “ruth” na mjane wa Mkokotoni

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu asubuhi, Darajani kote maji, na moyo wangu mzito.

Mnaonisoma hapa mnajua kila Alhamisi naleta neno moja la Kiingereza cha zamani. La leo nililichagua mapema: ruth. Maana yake huruma, ile ambayo sisi Unguja tunaiita imani tunaposema fulani ana imani. Washairi wao wa kale walilipenda. Aliyependa asipendwe aliomba ruth, aliyefiwa naye aliomba ruth. Siku hizi halisemwi tena. Limebaki ruthless, yaani asiye na huruma. Waingereza wameliacha neno, wakashika ukosefu wake.

Nilidhani nitaandika hayo tu, kwa raha zangu.

Lakini juzi alipiga simu ofisini kwetu, ninakoandikisha vibanda vya masoko, binti wa Bi Mwanahija, wa Mkokotoni. Baba yake amefariki, na kibanda chake cha sokoni kisipoandikwa jina la mjane kabla ya mwezi kwisha, kitakwenda kwa mtu mwingine. Mama yumo edani, hatoki nyumbani. “Dada, si uje wewe na huo wino? Atie dole gumba huku huku.”

Inawezekana. Makarani walionitangulia waliwafuata wajane majumbani, na mimi mwanamke, hakuna wa kunizuia kuingia kwa mwenye eda. Ilitakiwa ruhusa ya bosi tu. Niliogopa kuiomba. Bado niko kwenye majaribio ya kazi, na yeye hukunja uso hata nikimwomba karatasi.

Nikajibu, “Utaratibu ni aje mwenyewe.”

Leo kaja mwenyewe.

Alijifunika uso, nguo zimerowa, akakaa benchini katikati ya wanaume ambao mila ingemweka mbali nao mpaka eda iishe. Mmoja akamwambia mwenzake, wala hakunong’ona, “Mume hajapoa kaburini, kizuka wa eda keshatoka kutembea!” Wakacheka. Nilisikia. Nikainamia kompyuta.

Nilipomwita aliitika, “Naam.” Nikamwamkia shikamoo, akanijibu marahaba, kisha akasema, “Nshakuja, mwanangu. Dole nilitie wapi?” Nikamshika mkono, nikamwonesha.

Hata pole ya msiba sikumpa.

Bosi akatoka chumbani kwake, akasema karatasi ya pili ya kuhamisha kibanda itakuwa tayari Jumatatu, arudi tena kutia dole. Bi Mwanahija alivuta mtandio usoni akatoka mvuani, na mimi nikamwita anayefuata kwenye foleni.

Nimerudi nyumbani. Kulichambua neno la huruma lote lile, na mtu wa kuhurumiwa alikaa mbele yangu.

Sasa hivi nimemwandikia bosi ujumbe: naomba Jumatatu niende Mkokotoni na karatasi na wino, nimfuate mjane kwake, asitoke tena.

Ameusoma. Hajajibu.

Naogopa. Lakini sitaufuta.