Aliyemfuta Mama kwenye Orodha

Kolwezi

Baba yangu,

Assalaam aleikum. Kabla hujasoma zaidi, geuza bahasha uangalie nyuma yake. Nimeibandika gundi sehemu tatu, na juu ya kila sehemu nimeandika S kwa kalamu nyekundu. Kama S mojawapo imekatika, kuna mtu amekutangulia kuisoma. Hata akiwa ni Mama Zubeda aliyeileta, muulize. Ni rafiki yangu, anauza vitenge vyake kwa haki, lakini muulize tu. Siku hizi mimi simwamini mtu kabla sijamtazama mara mbili.

Huku sisi tuko wazima. Wajukuu zako wanakohoa kidogo kwa vumbi la malori ya mgodi wa Mashamba, lakini wanakula, na anayekula si mgonjwa. Mume wangu ameenda Sandoa na lori kuchukua mihogo, hajarudi. Nanyi je? Mgongo wako? Na macho ya Mama? Najua ungenijibu "hivyo hivyo". Hiyo "hivyo hivyo" ndiyo inaninyima usingizi, na ndiyo sababu nimechukua kalamu badala ya kupiga simu. Haya ninayokuandikia siyasemi kwenye simu.

Unakumbuka uliponiambia mashine ya kampuni yenu ya ndege imekataa neno lako la siri? Ukacheka, ukasema ni uzee, umelisahau. Kisha ukamtuma mdogo wangu Ramazani kwenye ofisi yao hapo Kindu aulize nafasi ya Mama ya kuruka kwenda Lubumbashi kupasuliwa macho, akarudi na jibu kwamba jina la Mama halimo kwenye orodha ya watu wako wanaoruka kwa haki yako ya ustaafu. Mke wako wa miaka yote hii, hayumo. Wewe ukasema mashine imekosea. Mimi moyoni nilisema: mashine haimchukii Mama, hapa kuna mtu. Na nitakuambia ukweli, Baba, mtu wa kwanza niliyemshuku ni Ramazani. Si yeye anayekushikia simu? Si yeye aliyekuandikisha siku ulipostaafu?

Basi sikiliza. Wiki mbili zilizopita alikuja kijana mmoja kwenye kibanda changu cha kuchapisha na kutoa fotokopi, pale karibu na soko. Mchimbaji, viatu vyekundu kwa udongo, lakini mtu wa adabu, alivivua mlangoni nisije nikafagia tena. Anaitwa Ilunga. Alikuwa na tiketi ya ndege kwenye simu, ya kwenda Mbuji-Mayi, akataka niitoe kwenye karatasi. Nikaitoa. Mimi huwa sisomi karatasi za watu, nazitazama tu kama wino umetoka vizuri. Nikatazama wino, nikaona jina lako.

Salumu Kasongo, mstaafu. Namba yako ya kazi. Na chini yake, msafiri: Ilunga, mtoto wa mstaafu.

Nilikaa kwenye stuli. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Kijana, huyu Salumu iko nani yako?"

"Iko tata yangu, mama."

"Tata yako kabisa? Mwenye alikuzaa?"

"Njo yeye. Kwetu batu bote banamwita Baba Salima."

Alisema hivyo bila kupepesa, kama mtoto anayesoma somo alilofundishwa. Hakujua Salima ndiye aliyeshika karatasi yake.

Baba, nitakuambia lililonipitia, ukasirike ukitaka. Nilimwamini. Nikakumbuka ulivyokuwa ukilala Kolwezi siku mbili, tatu, ndege ikiharibika, na Mama akikutunzia chakula. Nikamtazama kijana masikio, nikitafuta masikio yako. Nikatazama vidole. Na kwetu mtoto halazimiki kuitwa jina la baba yake, kwa hiyo jina lake halikunisaidia kitu. Nikajisemea, kumbe ndiyo maana Mama amefutwa: amempisha mtoto wa mke wa Kolwezi. Siku nne sikukupigia simu. Ulipopiga wewe, nilisema niko kazini, na nilikuwa nimekaa tu nikikukasirikia. Nisamehe, Baba. Nilikushuku vibaya, na nilikushuku haraka.

Siku ya tano Ilunga alirudi. Karatasi yake ilikuwa imelowa jasho mfukoni, anataka nyingine. Safari hii nilifunga mlango, nikamwambia: "Mi njo Salima." Akacheka kwanza. Kisha akaacha kucheka. Nikamwambia tena, "Tata yangu hana mutoto anaitwa Ilunga. Sema kweli, sitakuitia polisi."

Akaketi chini, pale pale sakafuni. Akasema mama yake ni mgonjwa Mbuji-Mayi, njia ya barabara ni mbaya, na kuna mtu huku anauza nafasi za familia za wastaafu wa ndege. Unalipa, anakuandika kuwa mtoto wa mzee fulani, anakufundisha la kusema wakikuuliza. "Aliniambia mzee mwenyewe alikubali," akasema. "Aliniambia anafurahi kusaidia batoto ya batu." Nikamuuliza ni nani huyo. Akasema, "Agent Djuma."

Djuma unamjua kwa sifa zake ninazokusimulia. Ndiye yule wa kwetu Kindu anayeuza vocha za simu mbele ya kibanda changu, ambaye kila asubuhi anaingia kuchaji simu zake na kula mikate ya mafuta. Ananiita "dada Salima". Anakaa kwenye benchi moja, chini ya ile picha yenu ya Idi niliyoikuza na kuitia fremu. Unaikumbuka: wewe na Mama mmeketi sebuleni, na juu ya kichwa chako kimening'inia cheti chako cha kustaafu, chenye muhuri, na namba yako ya kazi kubwa kama ya gari. Siku moja Djuma aliipiga picha kwa simu yake. Akasema wazazi wangu wamependeza. Nilifurahi, nikampa na chai.

Namba aliipata hapo. Lakini namba peke yake haifungui. Nilifikiri siku nzima anaingiaje, wakati neno lako la siri hata mimi silijui, na wewe hujawahi kulitamka. Ndipo nikakumbuka siku Ramazani alipokuandikisha. Ulinipigia simu unacheka, ukasema mashine imekuuliza swali la kipumbavu: ukisahau neno lako la siri, ikuulize nini ikujue? Ramazani akachagua jina la mtoto wako wa kwanza. "Nikamwambia andika Salima, nani mwingine?"

Baba, nani asiyejua? Tangu nizaliwe hakuna anayekuita Salumu. Msikitini Baba Salima, sokoni Baba Salima, mafundi wenzako kiwanjani Baba Salima. Wazungu walioitengeneza hiyo mashine labda kwao jina la mtoto ni siri ya ndani. Kwetu sisi ndilo salamu ya barabarani. Djuma alitia namba, akasema amesahau neno la siri, akaulizwa, akajibu jina analoniita kila asubuhi huku anakula mkate kwenye benchi langu. Akaweka neno lake, wewe ukabaki nje unasema ni uzee. Na kwa kuwa orodha ina nafasi chache, alimfuta Mama ili Ilunga apate pa kukaa.

Sikumwambia kitu. Bado anakuja, bado namkaribisha. Picha sikuitoa, angeshtuka. Nimetundika kalenda, ikafunika kona ya cheti. Namwona anavyoitazama kalenda, sijui amekwisha kunusa au bado. Ilunga nilimweleza kwamba Mama amefutwa ili aandikwe yeye, na upasuaji wa macho umekwama, kwamba uwanjani watamshusha, na wewe utanyang'anywa haki yako ya kuruka maisha. Aliikunja ile karatasi. Akasema, "Basi, nitapanda camion, nende na barabara. Mama ya mutu asikose macho juu ya mama yangu." Akaniachia karatasi. Nimekuwekea humu ndani, ndiyo ushahidi. Nilimfungia mikate ya njiani, nikalia alipoondoka.

Sasa fanya hivi, na usichelewe, maana kampuni ikigundua kabla hujasema, itasema ni wewe unayeuza. Nenda mwenyewe ofisini kwao, na kitambulisho, na cheti, na hii karatasi. Usimtume mtu. Waambie umeibiwa, wafunge, wakuandikie upya, na Mama arudishwe mbele ya macho yako. Cheti ukikirudisha nyumbani, kiweke sandukuni, sebuleni pabaki patupu. Na akikupigia mtu akisema yeye ni wa kampuni, anataka neno la siri akusaidie, kata simu. Hata ikiwa sauti ni yangu, kata.

Watakuuliza tena lile swali. Utajibu nini? Salima limekwisha kuharibika.

Baba, nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, Mama alinieleza jambo. Alisema kabla yangu kulikuwa na mwingine, wa kiume, aliyekaa siku tisa. Siku ya saba mlimpa jina, ya tisa akaondoka, na mkakubaliana jina hilo lisitamkwe nje. Mimi nimetembea na ukubwa wake maisha yangu yote, na watu wamekuita kwa jina langu kwa sababu lake halikupata muda wa kutoka mlangoni. Hakuna mtu sokoni anayelijua. Djuma halijui. Liandike hilo. Mwache huyo mtoto naye afanye kazi ya kaka mkubwa, amlindie mama yake nafasi yake kwenye ndege. Mama mwenyewe hakunitajia jina lenyewe, na wewe usinitajie, wala kwa barua.

Msomee Mama barua hii mkiwa wawili, polepole, na mlango umefungwa. Ramazani mwambie dada yake anamwomba radhi, sababu atamweleza mwenyewe wakikutana. Shangazi Fatuma, dada yako, nimempa Mama Zubeda kitenge chake cha kijani. Kisipofika, na hilo niambie. Mwalimu wa chuo aliyenifundisha alifu kwa kijiti, msalimie, azidi kutuombea. Nitakwenda Lubumbashi kumpokea Mama uwanjani, nitasimama mbele kabisa, hata kama hatanitambua mpaka niseme.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na vyako.

Mtoto wako wa pili,
Salima