Nimeitikia kwa Niaba Yake

Jumapili jioni, Makambako

Baridi ya leo inauma mpaka kwenye meno. Nimevaa sweta mbili na soksi za Bibi, na bado vidole vinakataa kuandika. Lakini nikilala bila kuandika, asubuhi nitadhani niliota.

Nimembeba mdogo wangu.

Kwa msiojua: Mama alikuja kumtembelea Bibi huku Kitandililo, Makambako, uchungu ukamshika kabla ya wakati. Mtoto, wa kiume, amezaliwa njiti. Neno hilo nilikuwa nimelizoea kwenye kiberiti tu, mpaka nilipomwona. Baba amebaki nyumbani Mjimwema, Njombe, na wadogo zangu wengine, mimi nikaomba ruhusa shuleni nikaja.

Hospitalini hapa njiti hufungwa kwa kitenge kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, wapate joto. Leo Mama aliamka na kizunguzungu, nesi akamwamuru alale apumzike. Bibi alikuwa bado njiani na uji. Nesi akanigeukia.

“Wewe si ndiye dada mtu? Nawa mikono, vua hayo masweta.”

“Mimi?”

“Kwani naongea na ukuta?”

Akamlaza kifuani kwangu, akakaza kitenge, kisha akaniambia kwamba hawa wadogo wakati mwingine husahau kupumua. “Akisahau, msugue mgongo. Mkumbushe.”

Husahau kupumua! Mimi husahau daftari la Jiografia.

Hapa nikiri kitu. Tangu azaliwe nimekuwa nikimwombea, na muda wote nilihisi maombi yangu hayafiki. Kwenye ibada za shuleni wenzangu huomba mpaka mabati yanatetemeka. Mimi hata nikiitwa jina naitika kwa kunong'ona. Niliamini, bila kumwambia mtu, kwamba Mungu huwasikia kwanza wale wanaosikika.

Basi nikakaa pale, sikio lake likiwa juu ya moyo wangu. Ni mwepesi kiasi kwamba niliinamisha kichwa mara kadhaa kuhakikisha bado yupo. Nilipovuta pumzi, naye alivuta. Nikaanza kupumua polepole, kwa adabu, kama mtu anayemsomea mwingine kwa sauti.

Halafu mgongo wake ukatulia.

Nikasubiri uinuke tena. Haukuinuka. Nilitaka kumwita nesi, alikuwa upande wa pili wa wodi, na sauti ikakataa. Sauti yangu ile ile ya siku zote. Nikamsugua mgongo kwa vidole viwili. Sala niliyokuwa nayo ilikuwa neno moja, nalo halikutoka mdomoni: mkumbushe. Mkumbushe.

Akavuta pumzi.

Nesi aliponiona usoni alikuja mbio, akamtazama, akamgusa miguu. “Yuko sawa. Umefanya vizuri, endelea.” Akarudi kwenye kazi zake. Kwake ni mambo ya kila siku. Mimi machozi yalikuwa yanadondoka kwenye kitenge na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Neno ambalo halikutoka mdomoni lilikuwa limesikiwa.

Nikamtazama tena. Hakujua kwamba alikuwa hatarini. Hakuomba chochote. Alilala tu, mwili mzima, juu ya aliyempa joto. Nikajiuliza, mimi nani hunikumbusha? Nikiwa nimelala, nikiwa kwenye mtihani wa Fizikia, nikiwa nimenuna, pumzi haijawahi kukosa kuja. Na sijawahi kusema asante hata siku moja. Hofu niliyotoka nayo Njombe ilikuwa bado ipo, lakini sasa ilikuwa imekaa chini, na furaha imesimama juu yake. Sijui kueleza vizuri zaidi ya hapo.

Ndipo Bibi akaingia na chupa ya uji. Akainama mpaka kwenye kitenge changu.

“Kamwene, mume wangu!”

Kamwene ndiyo salamu yetu Wabena, na huitikiwa kwa neno lilo hilo. Bibi hamsamehi mtu asiyeitikia. Mimi amekuwa akinilalamikia tangu nikiwa mdogo kwamba naitikia kama mbu. Akasimama pale akisubiri, chupa mkononi, kana kwamba njiti angejibu.

“Bibi, hawezi kuitikia.”

“Basi mwenye mdomo amwitikie. Nimekuja na baridi yote hii, ninyimwe salamu na mume wangu?”

“Kamwene!” nikaitikia.

Wodi nzima iligeuka. Hata mimi nilishtuka. Mama alicheka pale kitandani, kicheko cha kwanza tangu nifike.

“Ehee! Kumbe mke mwenzangu ana sauti,” Bibi akasema. “Ulikuwa umeificha wapi?”

Mdogo wangu bado hajavuka hatari. Daktari hajatuahidi kitu. Kesho narudi Njombe, na akisahau tena, vidole vitakavyomsugua havitakuwa vyangu. Jana wazo hilo lingeninyima usingizi. Leo naliandika, kisha nitalala. Sijui itakuwaje. Najua nimemwacha kwa nani.

Nadhani kila pumzi ni salamu, na mimi miaka yote hii nimesalimiwa nikakaa kimya.

Kesho nikifumbua macho, kabla ya sweta, kabla ya kitu chochote, nitaitikia. Kwa sauti.