Kambale wa Vijiko Vinne

Jumamosi jioni, Chanika. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na mie nimekasirika tangu kabla yake.

Bwawa halifukiwi. Naliandika hilo kwanza, kwa wino, ili hata nikizeeka nikasahau mengine yote, hili lisomeke.

Jana kamati ya kijiji iliamua kwamba Jumatatu watu wote watoke na majembe, kazi ya pamoja ya msaragambo, walifukie bwawa langu la kambale na kujenga ghala la mahindi hapo. Langu, nasema, ingawa ni la kijiji. Lilikuwa shimo tu, tulichota humo udongo wa matofali ya shule, likabaki kufuga mbu. Nani alilitia samaki? Bwana samaki wa wilaya alisema tuweke perege. Nikamwambia perege ni samaki wa watu waoga. Kambale ni mwanamume. Mvua za mwezi uliopita mmoja alitoka majini akatambaa nyasini hadi mlangoni kwangu, bado kidogo apige hodi. Asiyeamini amuulize mke wangu, ingawa mke wangu naye anakataa.

Shule sikuimaliza. Darasa la tatu, halafu hii elimu ya watu wazima ambayo mwalimu mwenyewe alikuwaga ananiuliza mie. Lakini wazo la kuwalisha kambale mafuta halikutoka kwa msomi yeyote.

Lilianza kwa Mwajuma, mjukuu wa dada yangu Zuhura. Mtoto alikonda hadi mbavu zinahesabika. Zahanati wakampa mafuta ya samaki, kijiko kimoja kila siku, na haikuchukua muda akawa anakimbiza kuku uwanja mzima. Nikawaza: kama mafuta ya samaki yanamjenga mtu, yatashindwaje kumjenga samaki? Na mtu akimla samaki huyo, si atakuwa amepata dawa yake bila kukunja uso?

Nikapanda pantoni hadi Kigamboni, kwa mzee mmoja anayechemsha maini ya papa apate mafuta ya kupaka mashua. Nikarudi na galoni. Bwawa nikaligawa kwa fito na nyavu, vyumba vitatu. Wote walikula sawa: pumba za mahindi, mashudu ya nazi, vichwa vya dagaa vilivyotwangwa. Chumba cha kwanza, bila mafuta. Cha pili, kijiko kimoja kwa kila kopo la chakula. Cha tatu, vijiko vinne, kwa sababu mie si mtu wa kijiko kimoja.

Wa kijiko kimoja waliwapita wa bila mafuta, urefu na unene, hilo hata kipofu angepapasa akakubali. Wa vijiko vinne walivimba matumbo. Chakula kikabaki kinaelea, maji yakaota utando unaong'aa. Niliona. Nikaandika humu humu daftarini kwamba wanapumzika.

Hawakuwa wanapumzika.

Jana kamati walikuja kuonja kabla ya kuamua. Nilikuwa nimeshatangaza kuanzia Chang'ombe hadi huku kwamba nina kambale wa paja la mtu mzima, basi nikavua wale wenye matumbo. Zuhura aliyekuwa anawapasua akaniita pembeni. "Kaka, huyu tumboni ana mafuta kama mbuzi wa Idi. Na ananuka papa. Nipe wale wa chumba cha pili."

Nikamwambia, wewe pika.

Masanja, mtani wangu kutoka bara, ndiye aliyeonja wa kwanza. Akatafuna, akaacha kutafuna. "Mtani, hii mboga au umetuchemshia mashua?" Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mwenyekiti, Mzee Ngwele, hakucheka. Aliweka tonge chini taratibu, akaomba maji anawe. Mtu aliyetembea kwa miguu kuja kula akinawa mapema vile, kesi imekwisha.

Nami nikasema, mbele ya wote, kwamba Zuhura hakuwaosha kwa ndimu.

 Alikusanya sahani moja moja.

Leo nimepika mwenyewe mmoja wa chumba cha pili, kwa chumvi tu, nisije nikajidanganya kwa viungo. Nyama imekaza, ina utamu, mafuta kidogo chini ya ngozi, na harufu ya papa hakuna. Mwajuma amelamba mifupa. Mke wangu ameomba kipande cha pili, na yule hanisifii hata kwa bahati mbaya. Kwa hiyo jambo ni la kweli. Kijiko kimoja kinatosha. Vinne ni ujeuri wangu, na kuendelea kuwalisha mafuta hadi asubuhi ile ya kuvuliwa, harufu isipate kuwatoka, ni ujinga wangu.

Watu nimewaambia nilimfukuza kiboko Rufiji kwa mwiko. Hilo lilikuwa jepesi kulisema kuliko hili.

Alasiri nimekwenda kwa Zuhura. Amefungua mlango nusu.

"Umekuja kuniosha kwa ndimu?"

Nimemwambia kesho nakwenda kwa Mwenyekiti, naye Zuhura aje na samaki wa chumba cha pili, ampike yeye mwenyewe, nami nitasema ukweli.

"Upi? Wako au wa watu?"

Nimerudi nyumbani nikafungua daftari hili.

Basi nimeamua. Nitasema wa watu: kwamba dada yangu alinionya, kwamba mkono uliozidisha ni huu, kwamba nilimsingizia. Nitalisema kabla ya chai, Masanja akiwepo na kicheko chake, acheke mpaka achoke. Halafu waonje. Wakila wakakataa, sawa, Jumatatu waje na majembe yao. Watanikuta nimesimama chumba cha pili, maji kiunoni, kambale wananizunguka miguuni, na koleo la kwanza la udongo itabidi wanimwagie mie.